Kipupwe Kimebisha Hodi: Tuipashe Nyumba Joto Bila Kukaribisha Kifo



Mvua za masika zimekwisha, mahindi yanakaukia shambani, na asubuhi ukifungua mlango pumzi yako inaonekana kama moshi. Kipupwe kimefika. Kwa sisi tunaoishi katika nyanda za juu, miezi ya Juni, Julai na Agosti si ya mchezo. Watoto hawataki kuamka, wazee wanalalamikia magoti, na kila mtu anautafuta moto. Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo hili: namna ya kuifanya nyumba iwe na joto na raha katika majira ya baridi, kwa uwezo wa familia ya kawaida, na bila kumpoteza mtu.

Tunasema "bila kumpoteza mtu" kwa makusudi. Karibu kila kipupwe tunasikia habari ya namna moja. Familia imelala vizuri, asubuhi mlango haufunguliwi, majirani wanagonga bila kujibiwa, na wanapovunja mlango wanakuta watu wamefariki vitandani bila jeraha lolote, na jiko la mkaa lipo katikati ya chumba. Wako wanaosema ni uchawi. Si uchawi hata kidogo. Ni sumu inayotoka katika mkaa, na kifo hicho kinaweza kuzuilika katika kila nyumba.

Kwa nini huku kwetu kuna baridi?

Watu wa pwani hutushangaa tunapovaa makoti mwezi wa Julai. Sababu ya kwanza ni mwinuko. Kila tunapopanda mita 1000 kutoka usawa wa bahari, hewa hupoa kwa nyuzi joto 6 hivi. Mji wa Njombe uko katika mwinuko wa takriban mita 2000, na uwanda wa Kitulo huko Makete umepita mita 2500. Ndiyo maana huko Kitulo asubuhi nyingine majani huwa meupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda.

Sababu ya pili ni jua. Mwezi wa Juni jua liko mbali nasi upande wa kaskazini, na upepo unaotufikia unatoka kusini, ambako wakati huo ni majira ya baridi kali. Sababu ya tatu ni anga jeupe. Mawingu ni kama blanketi la dunia. Usiku usio na mawingu joto la ardhi hupanda juu na kupotea. Hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka na kutulia mabondeni. Waliojenga bondeni wanajua vizuri kuwa baridi yao ni kali kuliko ya wenzao wa mlimani.

Sumu isiyoonekana wala kunuka

Mkaa unapoungua mahali penye hewa kidogo hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi wa kuni humfukuza mtu nje kwa kukohoa, lakini gesi hii humbembeleza alale.

Katika damu yetu kuna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Kaboni monoksaidi hung'ang'ania hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni kama basi ambalo viti vyote vimekaliwa na abiria wasiotaka kushuka. Oksijeni inabaki kituoni. Mtu anaendelea kuvuta pumzi kama kawaida, kumbe ubongo na moyo wake vinakosa hewa. Mtoto aliye tumboni mwa mama yumo katika hatari kubwa zaidi, hata kama mama mwenyewe atapona.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea na kuchanganyikiwa. Wengi hudhani ni malaria au chakula kibaya. Dalili kubwa ya kuitambua ni hii: watu kadhaa wa nyumba moja wanaugua kwa wakati mmoja, na wanapotoka nje wanapata nafuu. Aliyekwisha kulala hapati hata nafasi ya kuziona dalili hizo.

Yapo mawazo manne ambayo tunaomba kila familia iyaache kabisa.

La kwanza: "Mkaa ukishaiva na kuwa mwekundu hauna sumu." Si kweli. Moshi umekwisha, lakini gesi bado inatoka kwa wingi.

La pili: "Ukiweka sufuria ya maji karibu na jiko, maji yatanyonya sumu." Si kweli. Gesi hii karibu haiyeyuki kabisa katika maji.

La tatu: "Ukiyafunika makaa kwa majivu hayana madhara." Si kweli. Makaa yaliyofunikwa yanaungua polepole kwa hewa kidogo, na hapo ndipo gesi inapotengenezwa.

La nne: "Tumeacha dirisha wazi kidogo, basi tuko salama." Hakuna anayeweza kukuhakikishia hilo. Upepo hubadilika usiku, na mara nyingi anayesikia baridi kitandani huamka akalifunga dirisha.

Ukimkuta mtu katika hali hii, fungua milango na madirisha, zuia pumzi yako, na umtoe nje upesi. Usikae ndani ukimpa huduma, maana utaanguka wewe pia. Litoe jiko kama unaweza kufanya hivyo bila kuchelewa. Aliyezimia mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi, na kama hapumui, anayejua kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aanze mara moja. Kisha apelekwe hospitali, hata kama ameamka na kusema kuwa ni mzima. Kwa kuvuta hewa ya kawaida, gesi iliyo katika damu hupungua kufikia nusu baada ya saa nne au tano hivi. Kwa oksijeni ya hospitali huchukua saa moja hadi moja na nusu. Maziwa, maji ya limau na mafuta havisaidii chochote.

Moto una chumba chake

Hatusemi watu waache kuota moto. Kuota moto jioni ni raha ya zamani, na wengi wetu tumefundishwa adabu, hadithi na vitendawili tukiwa tumezunguka mafiga ya bibi. Tunachosema ni kwamba moto una chumba chake na usingizi una chumba chake. Jiko la nje, lenye dirisha na nafasi ya juu ya kutolea moshi, ndiyo sebule ya kipupwe. Familia iketi hapo jioni, ile chakula, izungumze, watoto wamalize kazi za shule. Wakati wa kulala ukifika, miili ihamie kitandani na moto ubaki jikoni. Mtu akiingia kitandani akiwa tayari ana joto, blanketi litamtunza hadi asubuhi. Akiingia akiwa amepoa, atatetemeka nusu ya usiku.

Hata jikoni moshi una madhara yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na wanaovuta moshi mwingi zaidi ni akina mama na watoto wadogo wanaokaa nao jikoni. Kuni ziwe kavu, maana kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo. Akina baba, kujenga jiko banifu lenye dohani ni kazi ya siku chache, na faida yake ni ya miaka. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Lakini tuelewane: jiko la gesi ni la kupikia. Kuliwasha usiku kucha chumbani ili kupata joto ni hatari vilevile. Mwenye umeme anaweza kutumia hita, akiiweka mbali na mapazia na nguo, na kuizima kabla ya kulala.

Watoto waketi mbali na moto, kwa kuwa kipupwe ni majira ya ajali za kuungua. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, na sehemu nyingine ya mwili ifunikwe asipate baridi. Dawa ya meno, mafuta, asali, yai na unga visipakwe. Huchafua kidonda na kumpa mganga kazi ya kuvibandua.

Kuitunza nyumba isipoteze joto

Nyumba nyingi huwa na joto la kutosha mchana, ila hulipoteza kabla ya usiku wa manane. Tuanze na mlango. Pengo lililo chini ya mlango huingiza upepo unaotambaa sakafuni, hasa palipo na kitanda kifupi. Shona mfuko mrefu kwa kanga iliyochakaa, ujaze mchanga mkavu au pumba, na uulaze pale kila usiku. Nyufa za fremu za madirisha zizibwe kwa udongo au matambara. Pazia zito, hata likiwa ni blanketi kuukuu, huzuia baridi ya kioo. Nyumba iliyozibwa namna hii ina joto zuri, lakini ndiyo hasa isiyopaswa kuingizwa jiko la mkaa hata kwa dakika kumi.

Pili ni paa. Nyumba za nyasi za babu zetu zilikuwa na joto kuliko hizi za bati, kwa sababu nyasi hushika hewa ndani yake na bati hupoa mara jua linapozama. Dawa ya bati ni dari. Asiyeweza kununua mbao anaweza kuanza na dari ya mianzi au mikeka juu ya vitanda tu. Chumba kidogo chenye dari fupi hupashwa joto na pumzi na miili ya wanaolala humo.

Tatu ni jua. Kuanzia saa nne asubuhi fungua madirisha ya upande wa jua, toa magodoro na mablanketi nje, yaote jua na kukauka. Blanketi lenye unyevunyevu halina joto. Ifikapo saa kumi alasiri, kabla baridi haijaingia, rudisha vitu ndani na ufunge. Kufungua madirisha mchana kunasaidia pia kutoa vijidudu vya kifua na mafua. Baridi yenyewe haizai vijidudu. Tunaambukizana zaidi kwa sababu tunajazana katika chumba kimoja kisichopata hewa.

Blanketi halitengenezi joto

Watu wengi hufikiri blanketi linatoa joto. Joto linatoka katika mwili wako; blanketi hulizuia tu lisiondoke. Kinacholizuia ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi na katikati ya nguo moja na nyingine. Ndiyo maana mablanketi mawili mepesi hushinda moja zito, na fulana, shati na sweta pamoja hushinda koti moja.

Jambo linalosahaulika ni chini. Tunajifunika vizuri juu, na baridi inatupanda kutoka chini ya godoro. Kama una mablanketi matatu, jaribu kutandika moja chini na kujifunika mawili. Anayelala sakafuni atandike majani makavu, mkeka na magunia safi kabla ya godoro, maana saruji hunyonya joto la mwili usiku kucha.

Kabla ya kulala badilisha nguo zote, hata zikionekana kavu. Jasho la mchana lililobaki katika nguo hupoza mwili. Vaa soksi kavu na kofia ya sufu. Mpira wa maji ya moto uliofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa unaweza kuwekwa kitandani ili kukipasha, lakini uondolewe mtoto anapolala. Chupa laini za plastiki zisitumike. Maji ya moto huzilegeza na humwagika.

Chakula nacho ni kuni za mwili. Uji wa ulezi wenye karanga asubuhi, makande au viazi na maharage jioni, chai ya tangawizi au supu ya moto kabla ya kulala, vyote husaidia. Endeleeni kunywa maji, hata kama kiu haisikiki. Kuhusu pombe, tuseme wazi: inadanganya. Hupanua mishipa ya ngozi, mtu akajisikia moto, kumbe joto la ndani linatoka nje. Mlevi aliyelala njiani usiku wa Julai anaweza asiamke.

Kichanga na mzee

Wawili hawa wanahitaji jicho la pekee. Mtoto mchanga ana mwili mdogo na kichwa kikubwa, hivyo hupoteza joto upesi. Joto lake linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Aliyezaliwa asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Avalishwe kofia na soksi, na nguo moja zaidi ya zile anazovaa mtu mzima katika chumba hicho. Gusa tumbo na nyayo zake: nyayo zikiwa za baridi na tumbo ni la joto, anaanza kupoa, vyote vikiwa vya baridi, hiyo ni hatari, mpashe joto kifuani mwako huku mkienda kituo cha afya. Uso wake usifunikwe kwa blanketi, na asilazwe chini ya marundo ya nguo nzito.

Hita iliyo bora kwa kichanga ni kifua cha mama. Mtoto akiwa na nepi na kofia tu, hulazwa wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa kanga na kufunikwa juu. Njia hii, iitwayo utunzaji wa kangaruu, ilianzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania kwa watoto waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8, ulionyesha kwamba walioanza njia hii mara tu baada ya kuzaliwa walikufa pungufu kwa robo kuliko waliosubiri hali zao zitulie kwanza. Baba naye ana kifua. Mama akichoka, ampokee.

Mtoto akiwa na kikohozi, hesabu pumzi zake akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi. Kati ya miezi miwili na mwaka mmoja, 50 au zaidi. Kati ya mwaka mmoja na mitano, 40 au zaidi: hiyo huenda ikawa nimonia. Akibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, msisubiri asubuhi. Chanjo ya nimonia imo katika chanjo za kawaida za watoto wa Tanzania tangu mwaka 2013, basi tuangalie kadi zao.

Kwa wazee wetu, tatizo ni kwamba mwili umepunguza uwezo wa kuisikia baridi. Bibi anaweza kukuambia hajambo huku mikono yake ni kama barafu. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mzee huanza kusinzia, kusema maneno yasiyoeleweka na kujikwaa. Hata kutetemeka hukoma. Watu hudhani ni uzee tu. Mtoeni nguo zenye unyevu, mfunikeni pamoja na kichwa, kaeni naye karibu ili joto lenu limfikie, mpeni uji au chai ya sukari kama anameza vizuri, na mpelekeni hospitali. Msimsugue miguu kwa nguvu wala kumsogeza motoni ghafla.

Mzee anayeishi peke yake ndiye anayeshawishika zaidi kuingiza jiko chumbani, kwa sababu hana wa kumpasha joto wala wa kumwandikia moto jikoni. Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kufanya jambo hapa. Mpelekeeni blanketi, mzibieni nyufa, mjukuu mmoja alale kwake katika miezi hii mitatu. Na atakayemtembelea jioni asiondoke kabla ya kuona jiko liko wapi.

Tukumbuke

1. Jiko la mkaa, liwe linawaka au limefunikwa majivu, halilali katika chumba cha watu.
2. Familia iote moto jikoni jioni, kisha ilale ikiwa na joto.
3. Ziba upepo usiku. Fungua madirisha na anika matandiko mchana.
4. Tandika vizuri chini kabla ya kujifunika juu.
5. Kichanga kifuani mwa mama, mzee karibu na watu.
6. Watu kadhaa wakiumwa kichwa kwa pamoja, tokeni nje kwanza, mengine yafuate.

Tunaomba ukurasa huu usomwe kwa sauti jioni hii mkiwa mnaota moto, watoto nao wakisikia. Tunawatakieni nyote kipupwe chenye uji wa moto, mablanketi makavu, na asubuhi ambayo kila aliyelala ataamka.